Kuanza Kukusanya Chapa za Mbao za Japani: Soma Karatasi Kabla ya Jina

Ukitaja chapa za mbao za Japani, wengi hukumbuka picha moja: wimbi kubwa la buluu limejikunja juu ya mashua, na Mlima Fuji umeonekana mdogo kwa mbali. Ni kazi ya Katsushika Hokusai ya mwaka 1831 hivi. Nakala yake moja iliuzwa mnadani New York mwezi Machi 2023 kwa dola za Marekani milioni 2.76, na bei za namna hiyo huwakatisha tamaa watu kabla hawajaanza. Lakini picha ya mwigizaji wa kabuki, tamthilia ya jadi ya Japani, iliyochorwa na Utagawa Kunisada katika miaka ya 1850, yenye rangi zake na karatasi yake ya asili, bado hupatikana kwa dola mia moja au mia mbili, na pengine chini ya hapo.

Sababu ni kwamba hizi zilikuwa bidhaa za watu wa kawaida. Katika jiji la Edo, ambalo leo ni Tokyo, karatasi moja iliuzwa kwa bei isiyopita sana ile ya bakuli la tambi za soba, na mchapaji mmoja aliweza kutoa karatasi zipatazo 200 kwa siku. Picha iliyopendwa ilichapwa maelfu kwa maelfu. Kwa hiyo jina la mchoraji peke yake halikwambii thamani. Thamani imo katika karatasi ile ile uliyoishika: ilichapwa mapema au ubao ukiwa umeshachoka, rangi zimebaki au zimekufa, pambizo zipo au zimekatwa. Mkusanyaji anayejua kuisoma karatasi hununua vizuri hata akiwa na fedha kidogo. Asiyejua hulipia jina.

Elewa kwanza kazi ilivyofanyika

Mchoraji alikuwa mmoja kati ya watu wanne. Mchapishaji alitoa mtaji na kuamua nini kitauzwa. Mchoraji alileta mchoro wa wino kwenye karatasi nyembamba. Mchongaji aliubandika kifudifudi juu ya ubao wa mti wa cheri, akachonga hadi mistari pekee ikabaki imesimama, na mchoro wenyewe ukaishia hapo. Kisha alichonga mbao nyingine za rangi. Mchapaji alipaka rangi ya maji kwa brashi, akalaza juu yake karatasi yenye unyevunyevu, akaisugua kwa nyuma kwa kifaa bapa cha mviringo kiitwacho baren. Alama mbili zilizochongwa pembeni mwa kila ubao, ziitwazo kento, zilimwezesha kuiweka karatasi mahali palepale kwa kila rangi. Picha za rangi nyingi za namna hii zilianza mwaka 1765, na Suzuki Harunobu ndiye mchoraji wake mkuu wa mwanzo.

Karibu kila utakachokipima baadaye kinatokana na kazi hii. Rangi ya maji huzama ndani ya karatasi na kuonekana nyuma. Ubao huchakaa, kwa hiyo mistari ya nakala za mwanzo ni mikali kuliko ya mwisho. Na kwa kuwa mchapaji alipaka rangi upya kwa kila karatasi, karatasi mbili za ubao mmoja hazilingani kabisa.

Chagua eneo moja

Anza na eneo dogo ukae nalo kwa muda. Waigizaji wa kabuki wa Kunisada (1786–1865) ni wengi sokoni, wana bei nafuu, na ni shule nzuri ya macho kwa sababu utaziona mbaya na nzuri kwa wingi. Mandhari za Utagawa Hiroshige (1797–1858) hupendwa na kila mtu, na bei yake inajua hivyo, ingawa mifululizo yake isiyo maarufu bado inafikika. Mashujaa wa vita wa Utagawa Kuniyoshi wana wapenzi wao wakali. Kipindi cha Meiji, kuanzia 1868, kina Tsukioka Yoshitoshi, ambaye mfululizo wake wa picha 100 za mwezi ulitoka kati ya 1885 na 1892, na Toyohara Chikanobu, ambaye kwa maoni yangu bado anauzwa chini ya anavyostahili. Karne ya 20 ilileta wachoraji kama Kawase Hasui (1883–1957), aliyefanya kazi na mchapishaji Watanabe Shozaburo, na Hiroshi Yoshida (1876–1950). Hao ni soko jingine lenye kanuni zake.

Asikudharau mtu kwa kuanza na za bei nafuu. Vincent van Gogh alinunua karatasi zipatazo 660 jijini Paris katika majira ya baridi ya 1886 na 1887, nyingi zikiwa za Kunisada na wenzake wa ukoo wa Utagawa, kwa sababu hizo ndizo alizoweza kulipia. Zaidi ya 500 zipo leo katika jumba la makumbusho lenye jina lake Amsterdam.

Jambo moja kuhusu picha za waigizaji: nyingi zilikuwa sehemu ya picha ya karatasi tatu zinazopangwa pamoja. Ukiona mtu amekodoa macho nje ya ukingo, huku upanga wa mtu asiyeonekana ukiingia upande wa pili, ujue wenzake wako kwenye karatasi zilizopotea. Karatasi moja ya namna hiyo huuzwa kwa bei ndogo, nayo si kosa kuinunua ikiwa inasimama vizuri peke yake. Kosa ni kuilipia bei ya seti.

Tazama nyingi kabla ya kulipa

Tovuti ya ukiyo-e.org, iliyotengenezwa na John Resig, imekusanya picha zaidi ya laki mbili kutoka makumbusho na wauzaji mbalimbali, na inakuruhusu kupakia picha uliyopiga kwa simu ili ikutafutie zinazofanana. Iunganishe na hifadhi za mtandaoni za Museum of Fine Arts ya Boston, British Museum, Art Institute of Chicago na Chuo Kikuu cha Ritsumeikan cha Kyoto. Zote ni bure.

Zoezi lenyewe ni hili. Chukua picha moja, utafute nakala zake tano au sita katika makumbusho tofauti, uzifungue pamoja. Wimbi la Hokusai lenyewe linafaa. Tazama kisanduku chenye maandishi ya jina la picha, juu kushoto: katika nakala za mapema mistari ya fremu yake ni mizima, na katika za baadaye imekatika kwa sababu ubao ulikuwa umeumia. Kisha tazama anga, kwani baadhi ya nakala zina wingu hafifu la waridi na nyingine hazina chochote. Baada ya hapo nenda kwenye picha ya Hiroshige ya mvua ya ghafla juu ya daraja la Shin-Ohashi, ile ambayo Van Gogh aliinakili kwa rangi za mafuta mwaka 1887. Linganisha weusi wa wingu juu kabisa. Kufifisha rangi taratibu kutoka nzito hadi nyepesi, kazi iitwayo bokashi, kulifanywa kwa mkono kwa kila karatasi. Mchapaji aliyeharakishwa aliweka mstari mnyoofu tu.

Kama unaishi London, British Museum na Victoria and Albert Museum huwapa watu nafasi ya kuona kazi za karatasi kwa miadi. Saa moja na karatasi halisi mbele yako inafundisha ambacho skrini haiwezi, hasa unene wa karatasi na jinsi mistari ilivyozama.

Soma karatasi

Unahitaji kioo cha kukuzia mara 10, tochi ndogo, rula, na mikono safi iliyokauka. Ishike karatasi kwa mikono miwili, upande huu na huu.

Pima. Ukubwa uliotumika zaidi, oban, ni takriban sentimita 39 kwa 26. Chuban ni nusu yake, yaani 26 kwa 19 hivi. Ukipata oban yenye sentimita 35 kwa 24, kuna mtu aliyeikata, mara nyingi ili iingie kwenye albamu au fremu. Angalia alichokata. Akiwa amemaliza pambizo tupu, bei ishuke. Akiwa amekula mchoro, sahihi au muhuri, iache, labda iwe picha usiyotarajia kuipata tena.

Igeuze. Upande wa nyuma ndio unaosema zaidi, na ndio ambao wauzaji wengi hawaupigi picha. Katika chapa halisi utaona kivuli cha rangi kilichopenya, hasa buluu, nyekundu na nyeusi, na mara nyingi mikwaruzo ya mviringo iliyoachwa na baren. Nyuma ikiwa nyeupe kabisa, ama karatasi imebandikwa juu ya nyingine ama si chapa ya mbao. Kubandikwa si hukumu ya kifo, kwani Wajapani wenyewe walibandika chapa kwenye albamu kwa karatasi nyembamba. Kubandikwa kwenye kadi nene ya kisasa kwa gundi ngumu ni jambo jingine, maana kuiondoa ni kazi ya fundi na gharama yake inaweza kupita bei ya picha.

Iinue mbele ya dirisha. Karatasi nzuri ilitengenezwa kwa nyuzi za kozo, mti wa jamii ya mforosadi, na nyuzi hizo ni ndefu kiasi cha kuonekana kwa macho. Ukiipitishia mwanga utaziona zimetawanyika, pamoja na mistari ya chujio la mianzi lililotumika kuitengeneza, na vitundu vya wadudu vilivyojazwa viraka. Vitundu ni vya kawaida mno. Kimoja kwenye pambizo si kitu, lakini kilichopita kwenye uso wa mtu ni kitu, hata kikizibwa vizuri.

Kisha kioo. Chapa ya mbao ina rangi iliyotulia ndani ya nyuzi, na mstari mweusi wenye kingo safi. Ukiona vidoto vidogo vilivyopangwa, hiyo ni chapa ya mashine, hata kama karatasi ni ya Kijapani na imechakazwa ionekane ya kale.

Ukiwa bado na kioo, nenda kwenye nywele. Katika picha za wanawake za Kitagawa Utamaro na wachoraji waliomfuata, mahali nywele zinapoanzia juu ya paji la uso pana vinyweleo vilivyochongwa kimoja kimoja, vyembamba ajabu, na kila kimoja kilibaki kimesimama kwenye ubao baada ya mchongaji kuondoa mbao za pembeni yake. Ndivyo vilivyochakaa kwanza. Vikiwa vimetengana na kuishia kwa ncha kali, una nakala ya mapema. Vikiwa vimeungana kuwa ukanda mweusi, au vimekatikakatika, ubao ulikuwa umeshafanya kazi kubwa. Kipimo hiki nakiamini kuliko maelezo yoyote ya muuzaji.

Rangi zina tabia zake. Nyekundu ya beni, iliyotoka kwenye maua, hufifia hadi kuwa njano hafifu. Buluu ya ua la tsuyukusa, iliyotumika sana karne ya 18, haivumilii mwanga wala maji, na bahari nyingi za Harunobu leo zina rangi ya mchanga. Zambarau hugeuka kahawia. Nili ni imara zaidi. Kuanzia mwaka 1830 hivi buluu ya Prussia, rangi ya kiwandani iliyotoka Ulaya, ilienea, na ndiyo sababu anga na mito ya Hokusai na Hiroshige bado inawaka. Nyekundu na zambarau kali zinazopiga macho, za miaka ya 1860 na kuendelea, zilitokana na rangi mpya za kemikali. Wapo wanaozikataa kwa ukali wake. Mimi naona zilikuwa sauti ya zama zake, na kwenye picha za Toyohara Kunichika, mchoraji wa waigizaji wa zama hizo, zinakaa mahali pake.

Mwisho, ilaze mezani, uzime taa, umulike tochi kutoka pembeni. Mikunjo itajitokeza. Zitajitokeza pia kazi zisizoonekana kwa mwanga wa juu: mapambo ya vazi yaliyochapwa bila rangi ili karatasi iinuke, au vumbi la ulanga linalong'aa nyuma ya uso wa mtu. Muuzaji asiyeyajua mambo haya hayaweki kwenye bei, na huo ni ushindi wako halali.

Soma maandishi na mihuri

Huhitaji kujua Kijapani. Alama chache zinatosha. Sahihi kwa kawaida huishia na 画 au 筆, ikimaanisha "kilichochorwa na" au "kwa brashi ya", na herufi zilizo juu yake ni jina. Kunisada alichukua jina la mwalimu wake, Toyokuni, mwaka 1844, kwa hiyo "Toyokuni" ndani ya kisanduku chekundu chenye pembe za mviringo mara nyingi ni yeye.

Serikali ya Edo ilikagua picha kabla hazijauzwa, na mihuri ya ukaguzi ndiyo kalenda yako. Muhuri mdogo wa mviringo wenye 極 ulitumika kuanzia 1791 hadi 1842. Mihuri miwili ya mviringo yenye majina ya wakaguzi ni ya 1847 hadi 1852. Kuanzia 1852 ukaongezwa muhuri wa tarehe wenye mnyama wa mwaka na namba ya mwezi, na kuanzia 1853 utaona pia 改. Picha ya Hiroshige ya daraja la Shin-Ohashi ina muhuri wenye nyoka, 巳, na mwezi wa tisa: mwaka 1857.

Kwenye picha za Meiji tarehe iko pambizoni, pamoja na jina na anwani ya mchapishaji. Tafuta 明治 na namba inayofuata, kisha ongeza 1867. 明治十八年 ni Meiji 18, yaani 1885. Ndiyo maana picha ya Yoshitoshi iliyokatwa pambizo imepoteza cheti chake cha kuzaliwa.

Ila muhuri si ushahidi kamili. Aliyechonga nakala upya alinakili na mihuri, mwaka na yote. Karatasi na muhuri vikipingana, iamini karatasi.

Tenganisha nakala za baadaye na za kuigwa

Nakala ya baadaye ilichapwa kwa mbao zile zile za asili, ila zimechoka au zimebadilishwa rangi. Hiyo ni ya kale na ni halali, bei tu iwe ya chini. Nakala iliyochongwa upya imetoka kwenye mbao mpya kabisa, na nyingi zilitengenezwa karne ya 20 na mafundi hodari. Taasisi ya Adachi ya Tokyo bado inazichapa kwa mkono hadi leo. Zina karatasi nene na safi, rangi mbichi, pambizo pana, na mara nyingi jina la mtengenezaji pembeni. Ni kazi za heshima, na ukitaka kujua picha ya Hiroshige ilivyong'aa ilipokuwa mpya, nunua moja kwa bei yake halisi. Shida huja pale zinapouzwa kama za mwaka 1857.

Kwa Yoshida, tafuta muhuri wa jizuri pambizoni, unaoonyesha kwamba uchapaji ulifanywa chini ya usimamizi wake, na sahihi yake ya penseli. Kwa Hasui, mihuri ya Watanabe hubadilika kwa vipindi, kwa hiyo linganisha na nakala za makumbusho kabla ya kulipa. Mbao za Watanabe ziliteketea katika tetemeko la Kanto la mwaka 1923, na picha zake za kabla ya hapo zina bei yake.

Kununua

Anza kwa wauzaji wanaobobea na wanaokubali kurudishiwa picha. Tokyo, mtaa wa vitabu wa Jimbocho una Ohya Shobo, duka lililoanza mwaka 1882, na Hara Shobo, na yote mawili yanajua wanachokiuza. Kwenye minada ya kimataifa kumbuka ada ya mnunuzi, ambayo mara nyingi ni robo ya bei au zaidi, halafu usafirishaji juu yake. Kwenye minada ya mtandaoni ya Japani, ambako utahitaji wakala wa kukununulia, jifunze maneno haya: 復刻 na 複製 ni nakala za kuigwa, 後摺 ni chapa ya baadaye, 初摺 ni chapa ya kwanza. Neno la mwisho huandikwa kwa ukarimu mno. Pima mwenyewe.

Kabla ya kulipa, mwandikie muuzaji: "Naomba picha ya upande wa nyuma, picha yenye mwanga wa pembeni, na vipimo vya karatasi yote. Je, imebandikwa, imekatwa, imetiwa viraka au kuongezewa rangi? Nikigundua si ya kipindi ulichotaja, utarudisha fedha?" Muuzaji mzuri hujibu yote siku hiyo hiyo au ya pili. Anayejibu kwamba ilikuwa ya babu yake hajajibu.

Omba isafirishwe ikiwa imelazwa kati ya mbao mbili ngumu. Kuikunja ndani ya bomba huvunja nyuzi na rangi. Kama unaipokea Afrika Mashariki, mpe wakala wako wa forodha namba ya ushuru 9702, inayohusu chapa asilia za sanaa, na hati ya mauzo inayotaja umri wake, na umuulize kiwango kabla mzigo haujaondoka. Ikiandikwa "picha" au "bango" utabishana dirishani.

Kutunza

Adui mkuu ni mwanga. Ndugu William na John Spaulding walipoipa Museum of Fine Arts ya Boston mkusanyiko wao wa karatasi zaidi ya 6,000 mwaka 1921, waliweka sharti kwamba zisitundikwe kwenye maonyesho kamwe. Ndiyo maana zambarau na waridi zake bado ni kama zilivyotoka kwa mchapaji. Nyumbani, tundika moja kwa miezi michache mbali na dirisha, kisha ipumzishe, uweke nyingine. Za buluu ya Prussia zinavumilia zaidi, za karne ya 18 zisitundikwe kabisa.

Zilizobaki zilaze ndani ya bahasha za karatasi isiyo na asidi, kwenye boksi bapa. Anayeishi Mombasa, Zanzibar au Dar es Salaam ana kazi ya ziada, kwa sababu unyevu wa hewa ukikaa juu ya asilimia 65 kuvu huanza. Nunua kipimo cha unyevu, weka boksi kwenye kabati la ndani lisilogusa ukuta wa nje, tia vifuko vya silika, na ulifungue kila wiki kulikagua. Mende hupenda wanga, na gundi ya asili kwenye chapa hizi ni wanga.

Usitumie selotepu wala kuiosha mwenyewe. Ya kuweka kwenye fremu ishikizwe juu kwa vipande viwili vya karatasi ya Kijapani na gundi ya wanga wa ngano, isiguse kioo.

Kwa kila karatasi weka jalada: vipimo, sahihi, mchapishaji, mihuri, kasoro zote, bei, muuzaji, na picha za pande zote mbili. Andika kwenye jalada, usiandike kwenye chapa hata kwa penseli. Siku utakapopata nakala bora ya picha uliyo nayo, iuze ile ya kwanza pamoja na jalada lake lote, kasoro zikiwemo.